Kodi ya Kaburi

Huku Ujerumani tumeingia tena Novemba, na hata dukani ninakonunua maziwa wamepanga mishumaa ya makaburini karibu na mlango: ile iliyo ndani ya kopo jekundu la plastiki lenye kifuniko, inayowaka siku kadhaa bila kuzimwa na mvua. Kwetu huu ni wakati wa mvua za vuli. Kwao ni msimu wa majani kupukutika, nao ndio wakati wao wa kwenda kuwaona wafu wao.

Watoto huanza tarehe 31 Oktoba na mifupa yao ya plastiki na maboga. Wachache wanajua kwamba jina lenyewe, Halloween, maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Tarehe 1 ndiyo sikukuu hiyo, na tarehe 2 ni ya Marehemu Wote, iliyoenezwa na abati Odilo wa Cluny, Ufaransa, karibu na mwaka 1000. Katika majimbo matano yenye Wakatoliki wengi tarehe 1 ni siku ya mapumziko, kwa hiyo ndipo watu wanapokwenda makaburini. Mchana padre anapita akinyunyiza maji ya baraka. Ndugu zetu Walutheri husubiri Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, siku iliyowekwa na mfalme wa Prussia mwaka 1816. Kanisani husomwa majina ya waliofariki mwaka ule, jina moja moja, na mara nyingi mshumaa mmoja kwa kila jina. Mimi ni Mkatoliki, lakini ibada hiyo naipenda sana.

Kwetu Kilema, Uchagani, wazee wamelala kihambani, hatua chache kutoka mlangoni, kati ya migomba, na masale yamepandwa pembeni. Unapita kaburi la babu ukienda kukata majani ya ng'ombe. Misa ya Marehemu tunasali, ndiyo, ila usafi mkubwa wa makaburi hungoja Desemba, watu wakirudi kutoka Dar na Arusha. Hakuna anayeuliza kaburi litakaa pale mpaka lini.

Huku swali hilo lina jibu, tena la maandishi. Kaburi linakodiwa, kwa kawaida miaka 15 hadi 30 kutegemea mji. Muda ukiisha na asitokee wa kulipa, jiwe linaondolewa na mahali pale anaweza kuzikwa mwingine.

Mume wangu alizikwa hapa mwaka 2003, kwa miaka 20. Wadogo zake walitaka arudi kihambani kwao Kibosho, na kwa mila walikuwa na haki. Mimi nilikuwa na watoto wawili wadogo waliouliza kila siku baba yuko wapi, nikataka jibu wanaloweza kulifikia kwa basi. Barua ya ofisi ya makaburi ilipokuja mwaka 2023, nilimpigia shemeji kumwarifu. Akanyamaza, kisha akasema: “Shemeji, yaani kaka analipa kodi?”

Neno lile lilinichoma kwa sababu ni kweli. Lakini wanangu, ambao sasa ni watu wazima, walikataa hata kulijadili. Walichanga wenyewe, tukaongeza miaka 10. Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba wanang'oa majani yaliyokauka na kufunika udongo kwa matawi ya misonobari, kama majirani wanavyofanya. Kihamba hawakijui hivyo. Shemeji bado hajaridhika, nami simlaumu.

Kwa wenzangu mlio Ujerumani: msiba ukitokea, kabla ya kutia sahihi ulizeni kaburi ni la aina gani. Yapo ya bei nafuu, yanayofuatana kwa safu, ambayo muda wake kwa kawaida hauongezwi hata ukiwa na fedha. Siku ya msiba hakuna mwenye akili ya kusoma karatasi, basi mtumeni mmoja asiye wa damu.

Na wale msio na kaburi huku? Wasomaji wangu Waislamu hitima zenu hazingoji Novemba, mnatuzidi hapo. Sisi wengine, tazameni katikati ya makaburi mengi ya huku: kuna msalaba mkubwa, na chini yake watu huacha mishumaa ya wale waliozikwa mbali. Wazazi wangu wawili nawawashia pale. Wajukuu wao huwa nawaambia wayataje majina kwa sauti, la ubatizo na lile la Kichagga, na la Kichagga huwashinda kidogo kulitamka.

Chukueni kiberiti cha gesi. Njiti hazifai kitu kwa upepo wa huku.