WAKILI WA WANANCHI SI MCHOCHEZI

Wako watu wanaosema kwamba wakili anayekaa na vyama vya wananchi, akawasomea sheria na kuwaandikia hati zao, ni mchochezi. Maneno haya si mapya. Wakoloni waliyasema kabla yao. Nasi tunauliza: Je, mtu anayebomolewa nyumba yake anahitaji mchochezi wa kumwambia kuwa nyumba inabomolewa?

Tuwakumbuke Wameru. Mwishoni mwa mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao igawanywe kuwa mashamba 13 ya masetla. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikafa, wenyewe wakaambiwa wahamie Kingori. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakaungana katika Chama cha Raia wa Meru, wakamwendea wakili Earle Seaton, mtu mweusi wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi.

Bwana Seaton hakuwafundisha matusi. Aliwaonyesha mlango ambao wakubwa hawakutaka wauone. Tanganyika haikuwa mali ya Mwingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini, na wenyeji wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwana wa Meru, alisimama New York akayasema ya kwao mbele ya dunia.

Wabishi watadakia: "Mbona ardhi hawakurudishiwa!" Kweli, katika Baraza Kuu kura hazikutimia theluthi mbili. Lakini tangu siku ile watu walijua kwamba Gavana naye ana wa kumhoji. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alipita mlango ule ule kuisemea TANU.

Na chama kisichojua sheria huuawa kwa kalamu. Sheria ya Vyama ya mwaka 1954 ilimpa mkoloni nguvu ya kukataa kuandikisha matawi, na huko Usukuma TANU ilizuiwa mpaka mwaka 1958. Hakuna risasi iliyohitajika, karatasi ilitosha.

Na huyo "mchochezi" aliishia wapi? Baada ya Uhuru, Bwana Seaton alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walitoa kitabu juu ya kesi ile ya ardhi.

Basi ndugu wanachama, kila tawi, kila chama cha ushirika, kila kikundi cha akina mama: someni katiba zenu. Msitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ya ardhi kabla mtu wenu anayejua sheria hajaisoma. Nanyi vijana mawakili, makampuni yana fedha, lakini wananchi wana haja. Rudini kwao.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Sisi twasema: mpishe njiani, usimpishe shambani kwako!