Wageni Walioletwa na Kusi

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumezoea kuitumia nyumbani, pale jogoo anapochinjwa kwa ajili ya mgeni na watoto wa nyumba wakapata kitoweo ambacho siku nyingine hawakioni. Lakini methali hii ina maana pana zaidi ya kitoweo. Kuna wakati mgeni huja akamponya mwenyeji maradhi ambayo mwenyeji mwenyewe hakujua kuwa anayo. Jambo hilo lilinipata mimi Julai mwaka jana, wilayani Kilwa. Kwa kuwa naamini kuwa maradhi yale si yangu peke yangu, naona yafaa niyaeleze mbele ya watumishi wa umma na walimu wanaosoma ukurasa huu.

Nilikuwa Kilwa Masoko kwa shughuli za kikazi. Asubuhi moja iliingia mashua nyeupe ya mlingoti mmoja, ikakunja tanga na kutia nanga mbele ya gati. Ndani yake mlikuwa na familia moja kutoka Australia: baba, mama, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 8. Walikuwa wameiacha nchi yao miaka miwili kabla, wakaivuka Bahari ya Hindi kisiwa kwa kisiwa hadi Madagaska, na kutoka huko wakasukumwa na kusi hadi kwetu. Ni kusi ileile iliyokuwa ikiyapeleka majahazi ya wazee wetu Lamu na Uarabuni, kabla ya kaskazi kuyarudisha. Shule ya watoto wale ilikuwa meza ya chakula ndani ya mashua, na mwalimu wao alikuwa mama yao. Kila asubuhi walifanya hesabu, wakasoma na kuandika. Mchana, bahari na nchi zilizo kando yake ndizo zilizokuwa kitabu chao.

Nilifahamiana nao pale gatini, nilipowasaidia kuelewana na nahodha wa ngalawa waliyetaka awavushe kwenda Kilwa Kisiwani. Mambo yalipokwisha, mama akanikaribisha nifuatane nao ili niwe mkalimani wao. Nilikubali, lakini niliona haya kumwambia ukweli. Ilikuwa mara yangu ya tatu kufika Kilwa Masoko. Kisiwa kile kiko umbali wa kilomita mbili hivi, kinaonekana kwa macho, na mimi sijawahi kukanyaga mchanga wake.

Kabla sijaeleza tuliyoyaona kisiwani, hapana budi niseme neno juu ya mapokezi ya wageni hawa walipoingia nchini. Chombo kinachotoka ng'ambo hakiingii bandarini kiholela. Hupandisha bendera ya nchi kinamofika, na pamoja nayo bendera ya manjano, ambayo maana yake ni kwamba waliomo wanaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka maofisa wa afya, uhamiaji na forodha wamalize kazi yao, abiria hawapaswi kushuka. Bendera ile ni hodi ya mabaharia, na anayeiitikia hodi hiyo kwa niaba yetu sote ni mtumishi wa umma. Mgeni wa ndege hupita haraka katika ukumbi uliopambwa. Mgeni wa mashua hukaa mezani na maofisa wetu kwa saa kadhaa, akawatazama machoni, akasikia lugha yao na kuona namna wanavyoshika kalamu.

Familia ile ilikuwa imepiga hodi katika bandari mojawapo ya mwambao wetu, ambayo sitaitaja. Maofisa karibu wote, alinieleza yule baba, walifanya kazi yao vizuri. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliwafundisha watoto kusema shikamoo, na kwa kweli watoto wale waliitoa shikamoo yao kwa kila mzee waliyekutana naye Kilwa, wakaitikiwa kwa furaha. Lakini alikuwapo mmoja ambaye, baada ya ada zote kulipwa na stakabadhi zote kuandikwa, alibaki amekaa na pasi zao mkononi, akataka apewe chochote cha chai. Watoto walikuwa wamechoka kwa siku nyingi za bahari. Baba akatoa.

Alinionyesha daftari lake la safari. Kila malipo aliyofanya yalikuwa na namba ya stakabadhi pembeni. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu. Hakunieleza kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinieleza kama baharia anavyoeleza habari za mwamba uliojificha majini: mahali ulipo na namna ya kuupita. Mabaharia hupeana habari. Atakayefuata nyuma yao ataambiwa kuwa katika bandari ile, nchini Tanzania, pana mwamba.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa mgeni apokewe vizuri kwa sababu ni mzungu na ana fedha za kigeni. Kasumba hiyo nayo ni maradhi, tena ni pacha wa yale ya kwanza. Nimewahi kushuhudia, mahali pengine, watalii wakikaribishwa kwa mikono miwili na kupewa viti, huku nahodha Mngazija aliyetangulia kufika amesimama juani tangu asubuhi na karatasi zake zilizokamilika, akiambiwa asubiri. Anayemnyenyekea mgeni mmoja, akamkamua wa pili na kumdharau wa tatu hajapokea mgeni hata mmoja. Sheria ni moja, ada ni moja, na utu ni mmoja. Mtumishi anayejiheshimu humpa kila mtu haki yake, akachukua kinachostahili kuchukuliwa, akaandika stakabadhi na kumtakia mgeni safari njema.

Sasa turudi kisiwani. Ada ya kuingia ililipwa na stakabadhi ikatolewa bila ya kuombwa. Tukapewa kiongozi, mzee mmoja aliyekuwa akizungumza polepole na kuijua kila nguzo. Tuliona gereza lililo ufukweni. Tuliona msikiti mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11 na ukapanuliwa katika karne ya 14. Mvulana yule alilala chali chini ya kuba, akatazama juu, akakataa kuondoka mpaka alipovutwa mkono. Kisha tukapanda hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya gongo linalotazama bahari, likiwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Binti alitoa kamba mfukoni, akapima upande mmoja wa birika, akapima na wa pili, akachora katika daftari lake.

Mzee alitusimulia kwamba kisiwa kile kimepokea wageni wengi walioletwa na upepo. Mwaka 1331 alifika msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko, akausifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote. Alimkuta Sultani huyo al-Hasan, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Julai mwaka 1505 waliingia wageni wa aina nyingine, Wareno chini ya Francisco de Almeida. Hao hawakupiga hodi. Waliuteka mji, wakaupora na kujenga ngome. Na sasa, Julai nyingine, imeingia familia yenye kamba ya kupimia na penseli. Nilipokuwa nikitafsiri habari za Baba wa Vipawa nilimkumbuka yule ofisa wa bandari. Zaidi ya miaka 600 iliyopita mwenyeji wa pwani hii alisifika kwa kuwapa wageni. Leo yuko mwenyeji anayewaomba.

Lakini mshale ulionichoma mimi mwenyewe ulikuwa bado haujaja. Tulipoketi kivulini kupumzika, binti aliniuliza kama ninaweza kumweleza jinsi fedha za Kilwa zilivyofika nchini kwao. Nilidhani hakuelewa anachouliza. Nikamwambia kwamba fedha za Kilwa zilikuwa za biashara ya pwani hii na Uarabuni na Bara Hindi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanieleza. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu mchangani katika kisiwa kimoja cha visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Miaka mingi baadaye wataalamu walizichunguza, wakakuta kuwa 5 kati yake ni sarafu za shaba zilizotolewa na masultani wa Kilwa. Namna zilivyofika huko wataalamu wanabishana mpaka leo. Ndiyo sababu, alisema, aliwaomba wazazi wake wapitie hapa. Alitaka kuuona mji ambao fedha yake ilifika kwao kabla yeye hajafika kwetu.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu niliyepita Chuo Kikuu. Nimeandika katika ukurasa huu, tena mara nyingi, kwamba taifa lisilojua historia yake halina mizizi. Nilikuwa nikiyaandika hayo ofisini, nikiwa nimekaa chini ya feni. Habari ya sarafu zile sikuijua. Birika la pembe nane sikuwa nimeliona. Mtoto aliyezaliwa upande wa pili wa bahari alikuja na chombo kinachoendeshwa kwa upepo, akanifundisha habari za nchi yangu nikiwa nimeketi juu ya mawe yake. Baadaye nilisoma na kuthibitisha kuwa alisema kweli, na nikasoma zaidi kwamba sarafu yenye jina la Sultani huyohuyo imepatikana hata Great Zimbabwe, karibu na dhahabu iliyoitajirisha Kilwa kupitia Sofala.

Jioni nilimsimulia mkasa huo mwalimu mmoja wa wilaya ile. Alicheka kidogo, kisha akaniambia kwamba miongoni mwa wanafunzi wake wapo wanaokiona kisiwa kile kila siku wakienda shule, na hawajawahi kuvuka. Nikamuuliza kwa nini. Alinijibu kwa sababu ninazoziheshimu: nauli haina fungu, darasa lina watoto wengi, mwaka una mitihani, na mtihani hauulizi birika lina pembe ngapi. Simlaumu. Mwalimu huyu anafundisha anachopimwa nacho. Lakini sote tulionyamaza mbele ya hali hiyo tuna lawama.

Urithi huu dunia inautambua. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati na ya kuyalinda na mawimbi, mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Ni kazi ya kujivunia. Lakini kuta haziokolewi ili zipigwe picha na wageni peke yao. Tukiwaachia wageni kazi ya kuitazama nchi yetu, tutafika mahali ambapo watoto wetu watajifunza habari zao kutoka kwa watoto wa watu wengine, kama nilivyojifunza mimi.

Mambo matatu yanawezekana bila ya kungoja msaada kutoka popote. La kwanza, kila ofisi ya bandari inayopokea vyombo ibandike mlangoni orodha ya ada zote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na chini yake iandikwe kwa herufi kubwa kwamba malipo yasiyo na stakabadhi si malipo ya Serikali. Ofisa mwaminifu atalindwa na karatasi hiyo, na asiye mwaminifu atafichuliwa nayo. La pili, vyombo vihudumiwe kwa zamu ya kufika kwake, awe ni mtalii wa mashua nyeupe au nahodha wa jahazi la vitunguu. La tatu, kila halmashauri yenye mahali pa kale itenge fungu, hata liwe dogo, ili kila mwanafunzi apaone japo mara moja kabla hajamaliza shule ya msingi. Walio Kilwa wavuke. Walio Kondoa wakaitazame michoro ya miambani, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Walio Iringa waende Isimila wakaone zana za mawe za watu wa kale. Walio Bagamoyo hawana hata haja ya nauli. Na mtunga mitihani asisahau kuuliza birika lina pembe ngapi.

Siku ya tatu kusi ilichangamka, na mashua nyeupe ikang'oa nanga kuelekea Unguja. Nilibaki gatini nikiitazama mpaka tanga likawa dogo kama bawa la membe. Kisha nikamtafuta yule nahodha wa ngalawa, nikamlipa nauli, nikavuka tena, safari hii nikiwa na daftari na kamba. Likizo iliyofuata niliwapeleka wanangu.

Mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtu hawezi hata kuiacha asili ambayo hajapata kuijua. Anayeiacha bila ya kuijua amenyang'anywa. Watoto wetu wasinyang'anywe nasi, wazazi na walimu wao, kwa uvivu wa kuvuka kilomita mbili za maji.