Tuwafunze wanafunzi wetu kuihoji tarakilishi

Wapo vijana wengi wanaohitimu masomo ya tarakilishi wakiamini kwamba kazi ya kupima programu ni ya wale walioshindwa kuziandika. Kwa maoni yao, mpimaji ni mtu wa kukabidhiwa orodha, kubofya vitufe, kutia tiki pale mambo yanapokwenda sawa, kisha kungoja mshahara. Mimi naiona dhana hii kuwa potovu, na naamini kwamba mizizi yake imo katika madarasa yetu.

Hebu tuchukue mfano ulio karibu na kila msomaji, yaani programu ya kutuma pesa kwa simu. Orodha yasema: tuma shilingi 500, uone kama zimefika. Zikifika, mpimaji mvivu wa fikra hutia tiki na kuendelea mbele. Mwenye fikra tunduizi ndipo kwanza anaanza kazi. Je, mtandao ukikatika baada ya pesa kutoka na kabla hazijafika, zitakuwa wapi? Mtumaji akibofya mara mbili kwa papara, zitatoka mara mbili? Je, watu wawili wakitoa pesa katika akaunti moja kwa wakati ule ule, itawalipa zaidi ya ilichonacho? Maswali kama haya aghalabu hayamo katika orodha. Hutoka katika akili ya mtu aliyezoea kuuliza.

Historia ina ushahidi wa hasara inayotokea maswali yanapokosekana. Mnamo tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Sekunde 40 hivi baadaye ililipuka angani pamoja na setilaiti nne ilizobeba. Sehemu ya programu yake ilikuwa imetolewa katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi vyema. Lakini roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, na tarakimu moja iliyohusu kasi hiyo ikazidi nafasi iliyotengewa, ambayo kikomo chake kilikuwa 32,767. Mtambo wa akiba nao ulitumia programu ile ile, hivyo haukuokoa lolote. Wataalamu wale hawakupungukiwa na elimu wala fedha. Hata hivyo, programu hiyo haikuwa imejaribiwa kwa takwimu za safari ya roketi mpya. Kilichofaa jana kilidhaniwa kuwa kitafaa leo.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013, matokeo ya awali yaliyoonyeshwa Bomas of Kenya yalikuwa na zaidi ya kura 300,000 zilizokataliwa. Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kwamba kosa la programu lilikuwa likizizidisha kura hizo mara nane. Kosa la aina hiyo hufichuliwa kwa kalamu na karatasi, mradi awepo mtu wa kujumlisha idadi ya vituo vichache na kuilinganisha na ile ya mashine kabla ya siku yenyewe.

Yaliyotokea Uingereza yanahuzunisha zaidi. Kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya wasimamizi wa matawi ya posta walihukumiwa kwa makosa kama vile wizi na udanganyifu, kwa sababu mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon ulionyesha kwamba fedha zilipungua. Baadhi yao walifungwa, na wengine wakafilisika. Walipolia kwamba hesabu zenyewe zilikuwa na kasoro, mashine iliaminiwa kuliko wao. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitambua kasoro za mfumo huo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo. Kwa wengi, fidia haiwezi kurudisha miaka iliyopotea.

Isitoshe, siku hizi zipo programu zinazopima programu nyingine, na akili mnemba nayo huandika majaribio kwa muda mfupi sana. Kijana ambaye ujuzi wake wote ni kufuata orodha anashindana na mashine isiyochoka wala kudai mshahara. Kitakachomfaa ni uwezo wa kuamua ni jambo gani linalostahili kupimwa na kwa nini.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeutaja uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi. Hilo ni jambo jema, lakini maandishi pekee hayafunzi. Mwalimu asiye na tarakilishi wala umeme anaweza kuanza kwa ubao na chaki. Awaambie wanafunzi kwamba ipo programu ya kukokotoa wastani wa alama za darasa, kisha awaulize itakosea lini. Mwanafunzi asiyefanya mtihani atahesabiwa sufuri au ataachwa nje? Alama 101 itakubaliwa? Darasa lisilo na mwanafunzi hata mmoja litagawanywa kwa ngapi? Anayeleta swali jipya apewe alama sawa na anayeleta jibu.

Wapo watakaosema kwamba tukiwazoeza watoto kuhoji, tutavunja adabu. Sikubaliani nao. Kuhoji si kubisha. Mpimaji anayesema tu kwamba programu ni mbovu hajafanya kazi yake. Sharti aeleze alifanya nini, alitarajia nini na aliona nini, ili mwingine aweze kurudia hatua zake na kuona vivyo hivyo. Hiyo ni nidhamu ya hali ya juu, na inapaswa kuanza shuleni.

Kwa hivyo, mwanafunzi akiinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, tumejuaje?" asikemewe kwa kupoteza wakati. Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Huenda siku moja swali la kijana huyo ndilo litakalomwokoa mtu asiye na hatia aliyesingiziwa na mashine.