Neno la Shangazi: Mzigo wa Mwenzio

Wapenzi jamaa wa Houston, London, Toronto, Maskati na kwingineko, mwaka huu nataka kuzungumza juu ya jambo lililoingia nyumbani kwetu, kwa idhini ya wenyewe, na nitaanza kwa kukiri kosa langu.

Binti wa kaka yangu na mumewe, wakazi wa Houston, wameoana miaka kumi na minne na hawakujaaliwa mtoto. Wakaazimu kuasili, ndilo neno la sheria. Kwetu kulea mtoto wa ndugu ni ada isiyohitaji karatasi, na wengi tunaosoma kitabu hiki tulilelewa na bibi au shangazi. Lakini uhamiaji wa Marekani hauijui ada hiyo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na wao, tangu wachukue uraia wa huku, kwa karatasi ni wageni. Kenya ilisimamisha kuasilisha watoto kwa wageni mwaka 2014. Uchina nayo ilifunga mlango mwaka 2024. Tangu mwanzo wao walikuwa wameelekea Uhindi, na huko watoto wengi wanaobaki kwa ajili ya wageni ni wale wenye maradhi au ulemavu.

Faili la kwanza lilikuja mwaka 2023. Lilikuwa la mtoto wa kiume mwenye tundu la moyo na kifafa ambacho dawa zilikuwa hazijakituliza. Mtoto wa namna hiyo anataka mtu aliye macho usiku kucha. Binti yetu ni mhudumu wa wagonjwa, huingia kazini jioni na kutoka asubuhi. Mumewe wakati huo aliendesha lori la masafa marefu, usiku nne kwa wiki hayupo. Wakalia, wakakataa.

Basi maneno yakazuka. Mmoja akasema wamemkataa kiumbe wa Mungu. Mwingine akasema wanatafuta mtoto wa dukani. Na mimi, katika harusi ya mwaka ule kule Toronto, nikasema mbele ya meza nzima: "Mchagua nazi hupata koroma." Watu wakacheka. Nilipogeuka nikamwona amesimama nyuma yangu na sinia la vikombe. Hakusema neno. Aliweka vikombe, akaondoka.

Mwezi wa pili mwaka huu likaja faili la pili, na safari hii hakunipigia simu. Nilipata habari kwa mama yake. Nikapiga mimi, nikaomba radhi, kisha nikaanza, kama ilivyo desturi yetu, kutoa nasaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ahsante, Shangazi. Sasa niambie, utakuja lini, na utakaa siku ngapi?"

Nilikwenda. Nilikuta faili mezani.

Mtoto ni wa kike, ana miaka minne, alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji mapema, na ana mpira mwembamba uliopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, wa kuteremsha maji yasijae kichwani. Kanuni za Marekani zinamtaka wakala awape wazazi habari za afya ya mtoto, na asilirudishe faili kabla hawajapewa wiki mbili za kufikiri, isipokuwa maslahi ya mtoto yawe yanataka haraka. Wiki mbili hizo si za kutazama picha na kulia. Ni za kumtafuta daktari. Wako madaktari wenye kazi ya kusoma mafaili ya namna hii; Chuo Kikuu cha Minnesota kina kliniki yake tangu mwaka 1986.

Daktari wao alitaka mambo manne: vipimo vya kichwa vya miezi tofauti, ili ajue kama maji yanashuka, picha ya figo, filamu fupi ya mtoto akichezesha miguu, na mahali hasa palipokuwa wazi mgongoni, maana kadiri panavyokuwa juu ndivyo ganzi na udhaifu unavyoenea. Wa huyu ni chini, karibu na kiuno. Daktari alisema huenda akatembea kwa vyuma vya miguuni. Hakuapa. Akasema pia ule mpira wa kichwani waweza kuziba siku yoyote, na mtoto akitapika, akilalamika kichwa na kusinzia ovyo, ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa sikukuu.

Lakini kazi kubwa ni mkojo. Mishipa ya fahamu ya kibofu haifanyi kazi sawasawa, hivyo lazima mtu amwingizie mpira wa mkojo kila baada ya saa nne, mpaka akue ajifunze mwenyewe. Ukizembea, mkojo hurudi juu ukaharibu figo. Haya si mambo ya mapenzi, ni mambo ya saa.

Wakafanya jambo ambalo sikupata kuliona. Wiki nzima walitega kengele: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Kila ikilia, aliyepo nyumbani alinawa mikono na kuhesabu dakika kumi na tano, kisha akatia jina lake katika daftari. Kama hakuna mtu, mstari uliachwa mtupu. Siku ya saba tukalifungua daftari pamoja. Mume alikuwa amekwisha kupata njia za karibu, hulala nyumbani, lakini Jumanne na Alhamisi hutoka alfajiri na mkewe hajarudi. Mistari miwili ya saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa mitupu.

Saa za shule hazikututisha. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka hukuhuku Texas, ya binti mdogo mwenye mgongo wazi, kwamba shule ya serikali yapasa kumpa mtoto huduma hiyohiyo ya mpira wa mkojo ili aweze kusoma. Lakini shule hufungwa kiangazi, na mistari ya saa nne na saa nane ikabaki ikitutazama.

Wifi yake akasema, "Jumanne na Alhamisi niandikeni mimi." Nami, kwa magoti yangu haya, nikaandikwa Juni, Julai na Agosti. Hospitali moja ilitufundisha kwa mwanasesere, na mara ya kwanza mikono ilinitetemeka nikaudondosha mpira.

Siku ya kumi na mbili waliitikia. Haya ninapoyaandika makaratasi bado yako Uhindi na mtoto hajafika. Lolote laweza kutokea njiani, kwa hiyo msiniombe picha wala jina.

Nina maneno matatu ya kuwaachia.

Kwanza, waliokataa faili la mwaka 2023 ndio hawa hawa walioitikia la mwaka huu, na mara zote mbili walitazama daftari lao kwa macho makavu. Mtoto aliyekubaliwa kwa huruma ya wiki moja, akachokwa mwaka wa pili, ameachwa mara mbili. Kukataa kwa haki ni kumwachia nafasi anayeweza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nimeubeba wa kwao kwa ulimi miaka miwili bila kutoka jasho.

Pili, msiwaambie wamejipatia thawabu. Binti yetu hapendi. Asema anataka mtoto, na mtoto naye anataka mama.

Tatu, mkija kumwona msije na puto wala glovu za mpira. Watoto wenye mgongo wazi wengi hudhurika na mpira wa asili, na mwili waweza kuvimba hadi pumzi ikakatika. Zawadi za nguo pia tunazo za kutosha. Leteni siku. Daftari liko jikoni juu ya jokofu, kalamu imefungwa kwa uzi. Desemba yote bado haina majina.

Ni mimi Shangazi yenu.