KONA YA MUZIKI: Kanda iliyolala miaka 62

Mwezi huu kona yetu inaongelea kungoja. Si kungoja mgao wala kungoja majina yabandikwe ukutani, hayo tumeshayazoea. Ni kungoja sauti ya zamani irudi.

Wapenzi wa muziki wa jazz huko Marekani wana ugonjwa wao. Kila baada ya muda tangazo linatoka: eti imepatikana kanda, ilirekodiwa laivu usiku fulani katika klabu fulani, ilikuwa imesahauliwa kwenye boksi, itatoka mwezi fulani. Basi hapo watu hawalali. Najua wengine mtasema, sisi na jazz ya Wamarekani wapi na wapi? Nivumilieni kidogo, tutafika nyumbani.

Mwezi wa 8 mwaka 1961, katika klabu ya Village Gate mjini New York, mpiga saksofoni John Coltrane alikuwa jukwaani na kundi lake, pamoja na mwenzake Eric Dolphy. Klabu ilikuwa imewekewa vyombo vipya vya sauti. Fundi mitambo mmoja, Rich Alderson, akataka kujua vinafanyaje kazi. Akatundika maikrofoni moja tu, akawasha mashine, akarekodi. Kujaribu tu! Baadaye kanda zile zikaishia katika maktaba ya umma ya New York, zikalala. Dolphy akafa mwaka 1964 na miaka 36. Coltrane akamfuata 1967 na miaka 40. Klabu nayo ikaja kufungwa. Ndo siku moja mtu aliyekuwa anatafuta rekodi za mwimbaji mwingine kabisa, Bob Dylan, akakutana nazo. Julai 2023 zikatolewa, muziki wa dakika kama 80. Piga hesabu mwenyewe: miaka 62.

Na kuna jambo la kutuchekesha. Wimbo wa mwisho katika rekodi ile unaitwa “Africa”. Coltrane aliwahi kuurekodi studio mwaka uleule, lakini laivu haukujulikana kuwepo popote mpaka boksi lile lilipofunguliwa. Zaidi ya dakika 20, wapiga besi wawili, na dramu za Elvin Jones ziko mbele kama amekaa magotini mwako. Kinanda mara nyingine kinazama, maana maikrofoni ni moja. Wataalamu wengine walilalamikia hilo. Mimi silalamiki. Ukiwa umekaa klabuni kweli, si ndivyo unavyosikia? Aliye karibu na wewe anakelele, aliye mbali unamkisia.

Hiyo ndiyo sababu mimi napenda laivu kuliko studio. Studio wanakupa wimbo uliooshwa na kupigwa pasi. Laivu wanakupa usiku mzima: glasi, kikohozi, mtu anaita jina la rafiki yake, mpiga gitaa anakosea na kujirudi. Watu wale waliokuwa wanapiga makofi hawakujua kama wanarekodiwa. Wengi wao wamekufa, na bado wanapiga makofi.

Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Novemba 1957 Thelonious Monk na huyuhuyu Coltrane walipiga katika ukumbi wa Carnegie, na redio Sauti ya Amerika, ileile ambayo wengi wetu tumeifuata kwa Kiswahili usiku tukitafuta habari za nyumbani, ikarekodi ili itangaze ng'ambo. Kanda ikasahaulika miaka 48. Mwaka 2005 mfanyakazi wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa anapitia kanda kuukuu ili zihamishiwe kwenye kompyuta, akaona boksi moja limeandikwa kwa mkono “T. Monk”. Herufi chache tu! Bila herufi zile ingepita kama kanda nyingine yoyote. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa twende nyumbani. Neno jazz kwetu si geni hata kidogo, ila sisi tulilichukua na kulifanya letu: bendi yoyote yenye magitaa na matarumbeta iliitwa jazz. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, African Jazz ya Kabasele. Na OK Jazz ya Franco, mnajua jina lilitoka wapi? Lilitoka baa! Mwaka 1956 vijana wale walikuwa wanapiga OK Bar pale Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Franco mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo bendi kubwa kuliko zote za Kongo imetembea na jina la baa mpaka mwisho wake.

Na hapa Kampala je? Hapa ndipo wengi wa vijana wetu hawaelewi wanapoishi. Samba Mapangala, mtoto wa Matadi, alivuka Kongo nzima mpaka mashariki akaingia Uganda, na hapa Kampala mwaka 1975 likazaliwa kundi la Les Kinois. Mwaka 1977 wakahamia Nairobi, na baadaye akaunda Orchestra Virunga, jina la milima ambayo watu wa Goma wanaiona mlangoni. Orchestra Makassy nayo ilianzia hapahapa kabla ya kukimbilia Dar es Salaam mwaka 1975, wakati wa Amin. Remmy Ongala, mwana wa Kindu, alipitia Uganda akipiga na Grand Mickey Jazz kabla hajafika Dar mwaka 1978. Na mwaka uleule wa 1975 Waganda wenyewe walianzisha Afrigo Band, akina Moses Matovu na saksofoni yake, bendi ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 50.

Watu hawa walikuja na gitaa na shati moja. Wengine waliondoka hapa kama tulivyoondoka sisi kwetu, usiku. Santuri zao nyingi tunazozijua zilirekodiwa Nairobi na Dar. Usiku wa Kampala, ule wa kabla ya santuri, ndio mimi ninaoungoja. Nami naamini kama upo, hauko maktaba. Uko ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya kitanda cha mtu.

Tena kutunza sauti si kazi ya wenyeji peke yao. Nyimbo nyingi za zamani za Uganda zilirekodiwa na mkimbizi. Klaus Wachsmann alikuwa Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, aliyemkimbia Hitler. Alifika Uganda 1937, akaja kuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda pale Kampala, akazunguka na mashine yake kijiji hadi kijiji. Kanda zake zilipelekwa Uingereza, na nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Bahati yake, au bahati yetu, alifanya hivyo mapema. Mwezi wa 5 mwaka 1966 jeshi lilivamia kasri la Kabaka pale Mengo, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Wapiga entenga, zile ngoma 15 za kasri zinazopigwa na watu 6 kwa pamoja, wakatawanyika. Ufalme ulirudi 1993 lakini entenga hazikuwa na wapigaji. Mwalimu James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipotaka kuzifufua, alimkuta mzee mmoja tu aliyebaki, naye ndiye akawafundisha vijana. Kanda inakuambia sauti ilikuwaje. Haikuambii mkono upi unapiga ngoma ipi, wala ni nani yule anayecheka nyuma.

Ndiyo maana nawaletea habari ya kaseti moja. Ni ya mama mmoja msomaji wetu, jina lake naliacha. Mume wake alikuwa mpiga gitaa la rithimu katika bendi ya baa kule Bukavu. Jumamosi moja shemeji yake aliweka redio-kaseti juu ya meza, karibu na jukwaa, akabonyeza. Maikrofoni moja, kama ya bwana Alderson! Mwaka 1996 vita vilipoingia Bukavu mama alitoka na watoto wawili, na wa tatu tumboni. Mume alibaki nyuma kufunga nyumba, akisema atawafuata. Hakuonekana tena mpaka leo. Kaseti ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge pamoja na vyeti vya ubatizo. Yule wa tumboni sasa ana watoto wake, na sauti ya baba yake hajawahi kuisikia.

Haijapigwa tangu redio yao ilipoanza kuitafuna kanda, ni miaka zaidi ya ishirini. Tena upande B haupo: kijana mkubwa, wakati ule mdogo, alirekodi kwaya ya kanisa juu yake. Mama hajamlaumu. Kwani angejua?

Kwa hiyo wamama na wababa, kabla sijamaliza habari hii, nendeni mkaangalie kaseti zenu. Mgongoni mwa kaseti kuna vibanzi viwili vya plastiki. Vivunjeni, na hakuna mtu atakayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. (Akitaka kwa makusudi ataziba tundu kwa selotepu, huyo ni wa kuongea naye.) Msiiache juani wala juu ya spika, sumaku ya spika inafuta. Kanda ikilegea, ikazeni kwa kalamu ya risasi polepole. Ikiwa na ukungu mweupe, msiijaribu kwenye redio mbovu, itakatika. Na andikeni juu yake: nani, wapi, mwaka gani, hata kama hamna uhakika wa mwaka andikeni “kama 1989”. Kumbukeni “T. Monk”.

Fundi mmoja wa redio wa Katwe ameiangalia ile ya mama. Amehamisha kanda kwenye ganda jipya, amesafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, na anasema inaweza kupita vizuri mara moja. Mara ya pili hataki kuahidi. Kwa hiyo siku ya kupiga ndiyo siku ya kunakili, waya unaingia kwenye kompyuta hapohapo, na familia itasikia kwa mara ya kwanza pamoja na sisi. Nilimuuliza mama kama hangependa kusubiri mashine nzuri zaidi. Akanijibu kwamba amesubiri vya kutosha. Kinachomwogopesha si kanda kukatika. Anaogopa kwamba gitaa la rithimu halitasikika, maana waliokuwa karibu na ile meza ni solo na dramu.

Kuna mzee wa Nakivale ambaye alikuwa anacheza katika baa ile kila Jumamosi. Amesema rithimu ya jamaa yule ataitambua hata chini ya makelele, kwa jinsi alivyokuwa anachelewa kidogo makusudi. Naye tumemwita. Ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Upande A ni dakika 30. Basi la Mbarara linaingia Kampala mchana, na tumekubaliana hakuna atakayegusa kitufe mpaka mzee apate kiti, anywe na maji.