Tukalale Chwaka: Mzigo Ufungwe na Wawili

Mwezi huu mezani kwangu imefika barua ya dada mmoja wa Mwanakwerekwe, mwaka wa pili huu yumo ndani ya ndoa. Mumewe kanunua pikipiki, na tangu hapo kila Ijumaa wimbo ni mmoja: tukalale Chwaka, tupige hema ufukweni, tulione jua likichomoza baharini. Dada anasema kutoka anapenda, na mume anampenda. Tatizo ni kwamba kulala chini hajazoea, mgongo unamsumbua tangu ajifungue, na kila akitaja godoro au mto anajibiwa, "Tunakwenda kambi, hatuhami nyumba." Anauliza afanyeje, akatae, au anyamaze aende tu?

Usikatae, na wala usinyamaze. Nenda, lakini siku ya kufunga mzigo na wewe uwepo. Hebu tuambizane ukweli, jamani: ugomvi wa safari ya wawili hauanzii Chwaka. Unaanzia sebuleni, pale mmoja anapoamua peke yake kipi ni cha lazima na kipi ni deko.

Wapo watakaosema, usiku mmoja tu, mtu si avumilie? Avumilie kwa faida ya nani? Kama shida ni kulala vibaya, hata nyumbani mnaweza kulala vibaya bure bila kuchoma petroli. Mnatoka ili mpate nafasi, na nafasi haina maana kama mwili unauma.

Mimi mwenyewe nimeliona hilo. Mwaka jana, wiki mbili kabla mume wangu hajaondoka kwenda Maskati kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili, tulimwacha mtoto kwa bibi yake tukaenda Chwaka, usiku mmoja tu. Nyumbani wageni wa kuaga walikuwa wanaingia toka asubuhi mpaka saa nne za usiku, hatupati hata nusu saa ya peke yetu. Na mambo ya kuzungumza yalikuwepo, tena mazito: pesa atume kwa nani, mie nikae wapi, kwao au kwetu, na mkataba ukiongezwa tufanyeje. Hayo si mazungumzo ya kufanya huku mbu wanakung'ata na mchanga umejaa kwenye shuka. Tulikaa mpaka saa saba za usiku, yeye na kahawa yake ya tangawizi, mie nimeegemea mto wangu wa sufi niliotoka nao nyumbani. Alipouona mto ule wakati wa kufunga alicheka, lakini aliufunga. Tuliyokubaliana usiku ule ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo: mie nakaa kwetu, pesa ya nyumba inakuja kwangu, na ya mama yake inakwenda kwa mama yake moja kwa moja. Hakuna aliyelala na kinyongo.

Kwa hiyo dada yangu, na kaka unayesoma kwa kuchungulia, haya hapa ndiyo mambo ya kupanga.

Begi mbili sawa, na kitu kimoja kisichoulizwa

Kila mmoja apewe begi moja, ukubwa ule ule, liwekwe ubavuni mwa pikipiki, moja kulia na moja kushoto. Vitu vya pamoja, yaani hema, jiko na sufuria, vitafutiwe mahali pao. Halafu kila mmoja achague kitu kimoja ambacho mwenzake haruhusiwi kukihoji wala kukicheka. Wewe mto, yeye redio. Wewe losheni yako, yeye ndoano na mshipi wa kuvulia. Kikienea, kinakwenda.

Utashangaa jinsi sheria hii ndogo inavyofungua midomo. Kuna watu wamekaa kwenye ndoa miaka mitano hawajawahi kutamka wazi "mie hiki nakihitaji", kwa kuwa walishazoea kuulizwa "cha nini?"

Usingizi kwanza

Mkikosa nafasi, punguzeni nguo, msipunguze matandiko. Hema linalouzwa kuwa la watu wawili linawatosha watu wawili waliobanana, begi zikabaki nje. Nunueni la watatu, lenye wavu mzima milangoni na madirishani. Chini tandikeni mkeka wa ukindu, juu yake godoro la kujaza upepo. Likikunjwa halizidi sana ukubwa wa boflo. Lijazeni nyumbani mlilalie usiku mzima kabla ya safari, maana tundu la godoro hujulikana saa tisa za usiku, na saa hiyo hakuna fundi.

Mto wa nyumbani ukiwa mkubwa, chukua foronya uijaze nguo za kesho. Shuka moja, kanga mbili na kikoi vinatosha miezi ya kaskazi. Lakini Juni mpaka Agosti, kusi linapovuma, alfajiri ya pwani ina baridi yake, ongezeni blanketi jepesi. Masika, Machi mpaka Mei, ahirisheni tu, mapenzi hayaozi.

Na jueni kuwa Chwaka kuna ghuba yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote hapa Unguja. Mikoko maana yake ni mbu na usubi. Usubi ni mdogo kiasi cha kupenya wavu wenye matundu makubwa, kwa hiyo beba dawa ya kujipaka na nguo ya mikono mirefu ya jioni. Msitu huo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Msikate hata kijiti cha kuegesha hema.

Maji, choo na mambo ya wanawake

Kaka, sehemu hii usiiruke. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita kumi ni kilo kumi, na hakuna haja ya kulitoa mjini wakati maduka yapo kijijini. Bebeni chupa mbili za njiani, mengine nunueni mkifika. Muhimu ni dumu tupu la kuwekea na kopo la kujisafishia. Mwanaume anaweza kulisahau kopo, mwanamke hawezi.

Pedi zifungwe hata kama siku zake bado. Weka kanga ya kuogea, kandambili za usiku, na tochi mbili, kila mtu na yake. Mwanamke anayeogopa kutoka nje usiku atajizuia kunywa maji toka jioni, na asubuhi kichwa kitamuuma halafu utauliza mbona kanuna.

Jiko na chakula

Mzigo wa chakula usiwe mkubwa, Chwaka kuna soko la samaki. Toka mjini na ndimu, chumvi, pilipili, vitunguu, mkate wa ajemi na chupa ya chai iliyojaa. Kijiko kidogo cha gesi kinatosha kuchemsha maji na kukaanga changu wawili. Mkaa unachafua kila kitu, na ni mzito. Zaidi ya hapo, msithubutu kuingiza jiko lolote ndani ya hema kwa ajili ya joto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, inaua watu usingizini.

Sisi watu wa pwani kubeba vyungu kwenda baharini hatukuanza jana. Kila Ramadhani inapokaribia watu wanatoka kwenda kuvunja jungu. Wavuvi nao wanaokwenda dago, wakalala kambini siku nyingi mbali na kwao, wanajua la kubeba na la kuacha. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia kitanzi cha kamba kina kazi zaidi ya shati la pili.

Kufunga kwenyewe

Hapa sikilizeni vizuri, ni suala la uhai. Vitu vizito vikae chini na karibu na kiti. Juu ya keria, nyuma ya abiria, weka vyepesi tu: godoro, mto, mkeka. Ukirundika kilo nyingi kule mwisho, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuchezacheza. Pande mbili zipimwe, zilingane. Wenye vespa za zamani kumbukeni injini yake imekaa upande wa kulia, kwa hiyo kitu kizito kidogo kipelekeni kushoto.

Hakuna begi la mgongoni. Likiwa kwa dereva, linamsukuma abiria. Likiwa kwa abiria, anafika Chwaka mabega yamekufa. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za zamani, kisha ongeza kamba, halafu tikisa. Kikicheza ukiwa umesimama, kitaanguka ukiwa mwendoni. Mvua ikija, turubai jepesi juu ya yote. Habari za kuvisha kila kitu mifuko ya rambo zisahauni, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006.

Ongezeni upepo kwenye matairi kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza kwa watu wawili na mzigo. Bebeni pampu, vibandiko vya pancha, plagi moja na spana yake. Helmeti ni mbili, si moja. Na wewe dada, vaa suruali ndani, ncha za buibui na mtandio zikunje uzikalie. Nguo inayopepea karibu na mnyororo au tairi imeshavunja watu shingo. Viatu vya kufunika, kwa sababu ekzosti haina huruma na kifundo cha mguu.

Kabla ya siku yenyewe, zungukeni mtaani na mzigo wote, mkiwa wawili. Abiria ndiye atoe uamuzi. Akisema kuna kitu kinamchoma kiunoni, kinahamishwa, hakijadiliwi.

Mkifika

Toka mjini hadi Chwaka ni kama kilomita 30 na ushei, barabara inapita Dunga. Simameni hapo mnyooshe miguu, mtazame na mabaki ya kasri ya Mwinyi Mkuu. Mfike saa kumi za jioni, maana jua letu huzama saa 12 na dakika zake mwaka mzima, na kupiga hema gizani ni dawa ya kugombana.

Chwaka ni kijiji cha watu, si hoteli. Kabla ya kufungua kamba moja, nendeni kwa sheha mjitambulishe, mueleze ninyi ni nani, mnataka kulala wapi, usiku mangapi. Mwanamke ajifunge kanga vizuri, mavazi ya kuogelea yasionekane njiani. Kama hamjaoana, ushauri wangu ni msubiri, au mwende kikundi, wanawake hema lao na wanaume lao. Kisha tafuteni nyumba ya jirani mpige hodi. Sisi tulimpata bibi mmoja, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akatuonyesha choo chake na kisima. Tulimwachia shukrani yetu asubuhi, na nusu ya samaki.

Hema lisikae chini ya mnazi, nazi haipigi hodi. Mivinje ni bora. Na angalieni mstari wa majani makavu ya baharini mchangani: maji ya mwisho yalifika hapo. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kama mita nne, kwa hiyo pandeni juu zaidi ya mstari huo. Mchanga laini haushiki vigingi. Jazeni mchanga kwenye vifuko vya kitambaa, fungeni kamba za hema humo, mvifukie. Maji yakitoka, msikanyage kamba za mwani, hiyo ni riziki ya akina mama. Taka zote zirudi mjini na ninyi.

Kwako dada wa Mwanakwerekwe

Alhamisi usiku, mtoto akishalala, tandika mkeka sebuleni. Weka begi mbili tupu katikati na umwite mwenzio. Mwambie kwa upole, "Bwana wangu, safari naitaka, na mgongo wangu unauma. Yote mawili ni kweli." Halafu weka mto wako wa kwanza kabisa ndani ya begi lako, umuulize yeye anaweka nini.

Akiuliza tena mto wa nini, usigombe. Mwambie wewe hutamuuliza redio ya nini. Akikubali, hata kama hema litachanika na samaki ataungua, mmeshapata mlichokifuata. Na akikataa kata kata, basi ahirisheni Chwaka kwanza, mketi wawili mzungumze kwa nini mgongo wa mke hauna nafasi kwenye pikipiki ya mume. Niandikie unijulishe ilikuwaje.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.