Wanaotoka Bendini Si Wasaliti

Yako maneno yanayosemwa sana mabwenini muhula huu, nami naomba nafasi katika kurasa hizi niyajibu. Bendi ya shule yetu, kama wasomaji wengi wajuavyo, iliundwa na ndugu wawili wa tumbo moja. Sasa wapigaji watatu wametoka, wameanza kundi lao, na wamelipa jina linalofanana na lile la kwanza. Basi wanaitwa wasaliti. Wako wanaotaka wanyimwe ngoma na magitaa ya shule, na wako wasemao kwamba jina ni mali ya wale ndugu wawili peke yao. Mimi nasema sivyo.

Na tutazame bendi moja ya majirani zetu, ambayo nyimbo zake twazijua hata sisi hapa Uganda. Wilson Kinyonga na ndugu yake George walitoka Tanga, ambako walipiga katika Jamhuri Jazz Band miaka ya 1960. Mwaka 1970 walikuwa Arusha pamoja na ndugu yao William, wakipiga kwa jina la Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka, wakaingia Kenya, wakaunda Simba Wanyika. Hiyo ilikuwa bendi ya ndugu hasa, na hakuna awezaye kuwanyima sifa hiyo.

Lakini bendi haipigwi na ndugu peke yao. Muziki wa namna ile wataka magitaa matatu. La solo ndilo lisemalo, la besi hukanyaga chini, na katikati liko la ridhimu, ambalo msikilizaji halitambui mpaka siku litakaponyamaza. Katika Simba Wanyika gitaa hilo la kati lilikuwa mikononi mwa Omari Shabani, aliyeitwa Profesa. Yeye hakuwa wa ukoo wa Kinyonga, ila bila mkono wake miguu ya watu isingalijua pa kukanyaga.

Mwaka 1978 Profesa Omari alitoka pamoja na wenziwe, akiwamo mpiga besi Tom Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma. Wakaungana na John Ngereza na Issa Juma, wakajiita Les Wanyika. Haukupita muda mrefu wakatoa wimbo wa Sina Makosa, ambao mpaka leo hauna mgeni katika Afrika ya Mashariki. Tazameni jambo walilofanya: hawakulitupa jina la nyumba waliyotoka, walichukua nusu yake. Baadaye Issa Juma naye akatoka, akaunda Super Wanyika. Jina moja likazaa matatu.

Je, nyumba ya kwanza ilianguka? Haikuanguka. Akina Kinyonga walitafuta wapigaji wengine wakaendelea na kazi, na mwaka 1992 wakatoa albamu ya Pepea. Laiti wangalifaulu kuwazuia wale wa 1978, sisi wasikilizaji tungalipata nini? Tungalipata bendi moja yenye manung'uniko, tukakosa nyimbo ambazo leo twazipigia makofi.

Najua atatokea wa kuniuliza: "Kama kila mwenye hasira akiruhusiwa kutoka, bendi gani itakaa?" Swali hili ni la haki. Mwenye kuunda kitu alitoka jasho wakati wengine wamelala, na anastahili heshima. Kwa hiyo atokaye na atoke kwa adabu. Atoe habari mapema, amalize kazi aliyoahidi, wala asiondoke jioni ya dansi akawaacha wenziwe na aibu mbele ya wageni. Lakini heshima ya mwanzilishi haimpi ufunguo wa kuwafungia wenziwe ndani. Mpigaji si mbuzi wa kufungwa kamba.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo kubwa zaidi. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na hapo Simba Wanyika ikawa imekwisha. Bendi ilikuwa imestahimili kuondokewa na wapigaji wake karibu wote, lakini haikustahimili kuondokewa na wale ndugu. Nguzo zilikuwa mbili tu. Zilipoanguka, paa halikuwa na pa kukaa. Damu yaweza kuanzisha bendi, lakini kuidumisha ni kazi ya kufundisha.

Shuleni jambo hili ni karibu zaidi, kwa maana hapa hakuna anayekaa miaka ishirini. Wale ndugu wetu wawili watafanya mtihani wao wa mwisho, watafunga masanduku yao, na kwenda. Ninyi mliosoma hapa zamani mwajua jinsi vyama vingi vizuri vilivyokufa kwa sababu mwenye navyo aliondoka na ujuzi wake mfukoni. Badala ya kuwakimbiza watatu waliotoka, yafaa wawaite wadogo watatu wa kidato cha pili wakae karibu na magitaa, waanze kujifunza sasa. Nafasi zilizoachwa wazi ni mlango wao.

Basi ushauri wangu ni huu. Vyombo ni vya shule, vitumiwe na makundi yote mawili kwa zamu. Jina jipya libaki, maana wote twajua lilikotoka. Na siku ya kufunga muhula makundi yote mawili yapige usiku mmoja, ukumbi mmoja. Wasemao kuwa wale ni wasaliti waje pia, wasikilize hadi mwisho, kisha watuambie kama shule imepoteza bendi au imeongeza ya pili.